Wikendi moja, guku yuko Vihiga na hoteli iko Kisumu: tulale wapi?

Cherehani_Nakuru · Jumapili, saa 3:10 usiku

Hamjambo watu wa Magharibi na watu wa ziwani. Naomba mawazo yenu kabla ya Ijumaa.

Nimezaliwa Nakuru, nimelelewa Kaptembwo, na nashona sare za shule pale Top Market. Baba alikuja huku akiwa kijana kutafuta kazi, akaoa, akakaa mpaka Mungu alipomchukua. Kwao ni Vihiga, ndani kidogo ukishatoka Mbale. Guku, mama yake baba, bado yuko. Anaishi peke yake kwenye boma lile na majirani wananiambia kunde analima mwenyewe. Mara ya mwisho kufika ilikuwa 2019, tulipomzika guga, mume wake. Nilikaa siku mbili tu, nikapanda basi la usiku kabla hata udongo wa kaburi haujatulia, kwa sababu nilikuwa na oda ya sare za shule nzima. Tangu hapo mimi ni mtu wa kutuma pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Guku hunipigia kushukuru, na kila simu huisha kwa swali lile lile: utakuja lini? Nimemjibu "karibuni tu, guku" kwa muda mrefu, na sasa neno lenyewe linanikwama kooni.

Safari hii imeletwa na rafiki yangu. Vibanda vyetu vimepakana, yeye anauza mapazia. Kwao ni Molo. Mwaka huu amenunua Vitz, na Mau Summit hajawahi kuivuka kuja huko kwenu. Ziwa Victoria analiona kwenye picha. Mama yake alifariki mwaka jana, na mara mbili tatu ameniambia anatamani tu kukaa kwenye boma lenye mzee, hata bila kufanya lolote. Basi akapanga: Ijumaa mchana tufunge vibanda, Jumapili usiku tuwe tumerudi. Hoteli Kisumu ameshalipia usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, na kuniambia aliniambia akiwa ameshalipa, uso umemjaa furaha. Mpango wake ni Jumamosi tupande Vihiga, tumsalimie guku, tule naye, halafu tushuke jioni tukaone jua likizama.

Hapo ndipo ninapokwama. Mjukuu afike baada ya miaka yote hiyo, ale, kisha aage aende kulala hotelini kilomita kama 25 tu kutoka hapo? Guku hatasema kitu. Atanisindikiza hadi njiani na atanyamaza, na mimi nitaujua ule unyamavu. Lakini nikimwambia rafiki yangu hoteli yako basi, nitakuwa nimeitupa zawadi ya mtu aliyenipa kwa moyo wake wote.

Nyumba ya guku ina sebule na vyumba viwili, choo kiko nje, maji yanachotwa chemchemi chini ya mteremko. Rafiki yangu si mtu wa kuchagua. Ninayemwogopea ni guku, asije akahangaika kwa ajili yetu.

Jingine linaloninyima usingizi: Kimaragoli nakisikia chote, kukisema nakwama. Kiswahili cha guku ni cha sokoni. Rafiki yangu hajui hata salamu. Wataketi pamoja waongee nini?

Na gari dogo kama hilo, mvua hizi za Aprili, tutafika kweli? Nibebe nini? Nishaurini, tafadhali.

MkeWaLuanda · Jumapili, saa 4:02 usiku

Mulembe dada. Nimeolewa Luanda, huko huko Vihiga, mwaka wa 14 huu, na mama mkwe wangu ni wa umri huo, kwa hivyo nitakwambia ninavyowaona wazee wetu.

Lala kwa guku usiku mmoja, na uwe wa Jumamosi. Ijumaa mkitoka Nakuru mchana mtaingia Kisumu giza linaingia. Nyumba ya mzee haifikiwi saa tatu usiku, watu wakiingia na mizigo mbwa wote wa kijiji wakibweka. Kwa hivyo hoteli ya rafiki yako ina kazi yake, na umwambie hivyo hivyo: usiku wa Ijumaa ametuokoa. Jumamosi asubuhi mpande mkiwa mmeoga na mmepumzika. Mkilala huko, Jumapili mtaenda na guku kanisani. Dada, hilo usilichukulie dogo. Mama wa umri huo kuingia kanisani na mjukuu wake upande huu na mgeni upande ule, hata ungemletea ng'ombe hufikii hapo.

Sasa mambo ya nyumbani. Piga simu Jumatano, usingoje asubuhi ya safari. Mwambie mko wawili, wote wanawake, na huyo mwingine ni rafiki wa kazini. Usiposema wazi, watu wataanza kungojea mkwe. Siku hiyo hiyo mtumie jirani au binti wa karibu pesa kidogo ya kuchota maji na kupasua kuni. Usimtumie guku mwenyewe, maana ataiweka akiba na kwenda chemchemi kwa miguu yake.

Beba godoro moja jembamba na mablanketi mawili, na umwambie tangu mlangoni kwamba ni vyake na vitabaki. Mkilalia vitu mlivyomletea, hajapungukiwa na kitu. Sukari, majani, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, sabuni ya mche na leso, hivyo unavijua. Mpe ndani ya nyumba mikononi mwake, si pale uani mbele ya kila mtu.

Kuhusu lugha usihofu hata kidogo. Mpe rafiki yako kazi. Mketishe na ungo wa kunde achambue na guku. Mikono ikishashughulika, midomo hujitafutia njia.

Mjukuu_wa_Emuhaya · Jumapili, saa 4:40 usiku

Nakubaliana na mama wa Luanda, ila ongeza jambo moja. Uliza guku atalala wapi.

Mimi nilienda kwa bibi yangu na wenzangu watatu, tukapewa vyumba, tukalala fofofo. Ilipita karibu mwaka ndipo shangazi akaniambia bibi alilala kwenye kiti jikoni siku zote mbili, kwa sababu kitanda chake ndicho nilichokuwa nimelalia. Alikuwa na miaka 81. Hakuniambia hadi anakufa, na mimi sikuuliza. Uliza, dada. Na ukiuliza usikubali jibu la kwanza.

Trela_Malaba · Jumatatu, saa 11:25 alfajiri

Dada Cherehani, mimi ni dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba, na njia hiyo ya Nakuru kupanda Mau Summit naipita kila wiki. Nisikilize vizuri.

Kwenda ni rahisi. Mnapanda Salgaa, Sachangwan, mnafika Mau Summit, hapo mnaacha barabara ya Eldoret mnakata kushoto: Londiani, Kedowa, Kericho, Kapsoit, halafu mnateremka hadi Awasi na Ahero. Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 180 na kitu. Kericho mchana wa mwezi huu ni mvua, na mara nyingine ya mawe. Ikianza kupiga msishindane nayo, ingieni kituo cha mafuta mngoje ikatike. Kwenye ukungu washa taa za chini. Taa kubwa zinaugonga ukungu zinakurudia machoni.

Watu wengi hupenda kununua viazi na karoti pembeni ya barabara. Nakuomba, kama mtanunua, ingieni sokoni kabisa au mtoke mbali na lami. Tarehe 30 Juni 2023 pale njia panda ya Londiani lori liliingia kwenye wachuuzi na matatu zilizokuwa zimesimama, na zaidi ya watu 50 wakaaga dunia. Ilikuwa Ijumaa jioni, watu wakijitafutia riziki. Mimi tangu siku hiyo sisimami njia panda yoyote kwenye mteremko.

Shida yenyewe ni Jumapili mkirudi. Ukitoka Mbale una njia mbili. Moja ni kurudi Kisumu na kupanda Kericho. Nyingine unapanda Chavakali, unakata kwenda Serem na Kapsabet, unatokea Eldoret, kisha Burnt Forest na Timboroa. Hii ya pili ni ndefu kidogo, ila rafiki yako ataona nchi nyingine kabisa, na hamtarudia njia mliyojia. Zote mbili zinakutana Mau Summit, na kutoka hapo hadi Salgaa ni mteremko mrefu ambao sisi wa malori tunauogopa. Kuna wenzetu wanaotoa gia wakaliacha lori liserereke ili kuokoa mafuta. Breki zikishapata moto hazishiki tena. Kaa mbali na lori lililo nyuma yako, likitaka kupita lipe nafasi, na wewe tumia gia ya chini badala ya kukanyaga breki njia nzima. Ondokeni Vihiga kabla ya saa nane mchana ili mteremko ule usiwakute usiku.

Kuhusu njia ya ndani: udongo wa kule ukilowa ni sabuni, na chini kuna mawe makubwa ya tumbo la gari. Kama imenyesha usiku, acheni Vitz kwa mtu mnayemwamini karibu na lami, mizigo ipande bodaboda.

Kondele_Juu · Jumatatu, saa 2:15 asubuhi

Karibuni Kisumu. Hilo jua msilikose, mnaweza kuona la asubuhi badala ya la jioni. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu muwe Dunga, mitumbwi inarudi na samaki, ndege wamejaa kwenye mafunjo. Umwambie rafiki yako anachokiona pale ni ghuba ya Winam tu, ni kama ulimi, ziwa lenyewe liko mbele huko.

Na usiende kwa mzee wa Vihiga kutoka Kisumu bila samaki! Wabichi watakusumbua njiani. Chukua obambla, ngege iliyopasuliwa ikaanikwa juani. Inakaa siku nyingi na guku atakula hata mkishaondoka.

Cherehani_Nakuru · Jumatatu, saa 3:48 usiku

Nimesoma yote mara mbili, la Mjukuu wa Emuhaya nimelisoma zaidi. Pole sana kaka.

Leo nimemwambia rafiki yangu ukweli wote. Nilidhani ataumia. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuniambia mapema?" Amepiga simu hotelini, wamekataa kurudisha pesa ya Jumamosi, na yeye amesema iende. Nimeshampigia guku pia, sikungoja Jumatano. Alinyamaza kwa muda hadi nikadhani simu imekatika. Godoro nitanunua kesho.

Cherehani_Nakuru · Jumanne ya wiki iliyofuata, saa 2:30 usiku

Tumerudi salama, na nina deni la kuwaeleza.

Ijumaa tulitoka saa saba mchana. Kaka yake rafiki yangu alikuwa ametuma gunia la viazi kutoka Molo, kwa hivyo hatukusimama njiani kununua chochote. Tulipofika ile njia panda ya Londiani rafiki yangu alipunguza mwendo na hakuna aliyezungumza hadi tukaipita. Kericho mvua ya mawe ilitushika kweli. Tulikaa kituo cha mafuta dakika arobaini tukila mahindi ya kuchoma, majani chai pande zote yakiwa meupe. Kisumu tukaingia saa moja na nusu.

Dunga tulifika mapema kama alivyosema Kondele. Rafiki yangu amekulia baridi ya Molo, na maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya Ziwa Nakuru. Alisimama pale kwenye mbao akashika ukingo. Nilidhani atapiga picha. Hakupiga hata moja. Alisema tu, "Mama angependa hapa," tukakaa hadi watu wa samaki walipoanza kutuuliza tunanunua nini. Tulichukua obambla sita.

Usiku kulikuwa kumenyesha Vihiga, kwa hivyo gari tuliliacha kwa mwenye duka karibu na lami, gunia na godoro vikapanda bodaboda, sisi tukapanda kwa miguu. Guku alikuwa amesimama njiani nje ya boma. Majirani walisema amesimama hapo tangu saa mbili. Amekuwa mdogo. Sina namna nyingine ya kusema, mkono wake wote ulienea kwenye kiganja changu. Akaniita jina la nyumbani, lile ambalo tangu baba afariki sijasikia mtu akiniita. Maneno yote ya Kimaragoli niliyoyapanga tangu Nakuru yalipotea. Nililia tu, na yeye akawa ananipangusa kwa pembe ya leso yake.

Mama wa Luanda, uliyosema kuhusu kunde ndiyo hayo hayo. Niliwaacha na ungo nikaenda chemchemi na mtoto wa jirani. Niliporudi nilikuta guku amemshika rafiki yangu vidole anamwonyesha jani la kubakiza na jani la kutupa, na yule naye anaeleza kwa Kikuyu kwao wanavyochambua. Hakuna aliyemwelewa mwenzake na walikuwa wameshamaliza ungo wa pili. Kunde ziliingia kwenye chungu na maji ya majivu, baadaye maziwa, na zilipikwa hadi usiku. Kuku alichinjwa, firigisi akapewa mtoto wa binamu yangu mwenye miaka 9, maana ndiye mwanamume pekee aliyekuwa nyumbani.

Tukiwa mezani guku akaniuliza kama mama wa huyu mgeni yuko. Nikamwambia alifariki mwaka jana. Hakusema neno. Alichukua paja la kuku lililokuwa kwenye sahani yake akaliweka kwenye sahani ya rafiki yangu, kisha akaendelea kula ugali na mboga. Rafiki yangu aliniangalia, mimi nikainama.

Kaka wa Emuhaya, nilimuuliza. Jibu la kwanza lilikuwa "msijali, nina mahali." Nilipoingia chumbani kwake nikakuta shuka safi zimetandikwa kwa ajili yetu na kanga yake iko kwenye benchi la jikoni. Tulitandika godoro sebuleni tukalala juu yake kabla hajamaliza kuzima moto, ili kusiwe na mjadala. Akatusimamia kidogo mlangoni na taa mkononi, halafu akaenda kitandani kwake. Nimekushukuru usiku ule, nataka ujue.

Jumapili kanisani kwa Friends, yaani Quaker, wageni walisimamishwa. Rafiki yangu alisema neno alilofundishwa asubuhi, "Mirembe," na kanisa lote likamwitikia. Guku alikuwa anaangalia mbele moja kwa moja, lakini mkono wake ulikuwa umeshika mkoba wangu wakati wote. Baadaye tuling'oa magugu kaburini kwa guga. Niliketi pale nikamwambia yale niliyokuwa nayo tangu 2019, hayo nayabakisha kwangu.

Tuliondoka saa nane kasorobo kupitia Kapsabet. Kwenye buti kulikuwa na mkungu wa ndizi, parachichi, na kuku wawili hai waliofungwa miguu, ambao guku alimpa rafiki yangu mkononi, si mimi. Timboroa baridi kali, Mau Summit ukungu. Kaka wa trela, tulishuka kwa gia ya chini, na malori matatu yalitupita moja likinuka breki. Tulikuwa Nakuru saa mbili kasoro.

Godoro amelikubali. Mablanketi ameyafungia sandukuni, anasema ni ya wageni. Nitarudi Agosti shule zikifungwa, maana Desemba na Januari ni sare na siwezi kuondoka.

Jana usiku amepiga simu. Hakuuliza nitakuja lini. Aliuliza kama yule kuku mwekundu ameanza kutaga, na akataka nimpe simu mwenye kuku ajibu mwenyewe.